KIFO CHA MTU SI NGAZI YA MWANDISHI

Mwandishi wa habari akigunduliwa amesema uongo gazetini hufukuzwa kazi, na jina lake huwa kitu cha kuchekwa. Twauliza: je, mtu huyo aweza kulirudisha jina lake kwa kuchunguza kifo chenye mashaka? Sisi twasema aweza, maana kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Lakini yako masharti, na yatupasa kuyasema wazi.

Tutazame kwanza yaliyotokea Marekani. Mwaka 2001 Michael Finkel aliandika katika jarida la New York Times habari za kijana wa Afrika Magharibi aliyefanya kazi katika mashamba ya kakao huko Kodivaa. Ikajulikana kwamba alichukua maisha ya vijana kadhaa akayafanya ya kijana mmoja. Mwaka 2002 akafukuzwa. Siku zile zile akaambiwa kwamba Christian Longo, aliyetuhumiwa kumuua mkewe na watoto wao watatu, alikuwa amejificha Meksiko akijiita Michael Finkel! Finkel akawasiliana naye gerezani kwa muda mrefu. Longo alitiwa hatiani mwaka 2003, na mwaka 2005 Finkel akatoa kitabu, ambamo hakuficha uongo wake mwenyewe. Hilo twalisifu. Hata hivyo, wale wanne hawakufa ili mwandishi apate jina.

Sisi wa Mikese tusidhani kwamba hayo ni mambo ya mbali. Mabasi na malori ya Dar es Salaam na Morogoro hupita mlangoni petu usiku na mchana, na uvumi hupanda humo bila nauli. Tarehe 12 Aprili 1984 Waziri Mkuu Edward Moringe Sokoine, akisafiri kutoka Dodoma, alifariki katika ajali ya gari huko Dakawa, katika mkoa wetu huu. Dereva wa gari lililogongana na lake, Dumisani Dube, mkimbizi wa Afrika Kusini, alifikishwa mahakamani. Lakini mpaka leo wako wanaonong'ona kwamba haikuwa ajali, nao husema lisemwalo lipo. Methali hiyo yafaa barazani, gazetini haitoshi. Mwandishi mwenye njaa ya jina atakuta hapo soko tayari. Ataandika "inasemekana", gazeti litanunuliwa, na wafiwa wataumizwa mara ya pili.

Anayetaka kweli hana budi kushika njia ndefu. Aende mahali penyewe. Asome majalada ya kesi na ripoti ya daktari. Awaulize walioona, mmoja mmoja, wala asiwatilie maneno kinywani. Na akikuta kwamba ilikuwa ajali tu, aandike hivyo, hata kama habari hiyo haitamrudishia kazi wala sifa. Hapo ndipo atakapopimwa.

Njia hiyo yafika. Tarehe 2 Septemba 2012 Daudi Mwangosi wa Channel Ten aliuawa akiwa kazini Nyololo, mkoani Iringa. Picha zilionyesha jinsi polisi walivyomzunguka, na nchi nzima ikaziona. Mwaka 2016 Mahakama Kuu ilimtia askari mmoja hatiani kwa kuua bila kukusudia, akahukumiwa kifungo cha miaka 15. Wananchi hawakuachiwa uvumi peke yake.

Lakini tusisahau hatari ya kazi hii. Azory Gwanda, aliyeandika habari za mauaji ya Kibiti katika gazeti la Mwananchi, alitoweka Novemba 2017. Ikiwa mwandishi mwenye jina safi aweza kupatwa na hayo, nani atamtetea yule ambaye jina lake limekwisha chafuka?

Kwa hiyo twataka mambo matatu. Wahariri wampokee aliyeanguka, lakini kila neno lake walikague kabla halijapigwa chapa. Wenye mamlaka wamlinde mwandishi anayeuliza, tena wafungue majalada, kwani kabati iliyofungwa ndiyo mama wa uvumi. Na wewe, ndugu msomaji, ukisoma habari za kifo, uliza: nani aliona? Maandishi yako wapi? Wafiwa wanasemaje? Usipopata jibu, gazeti hilo lifungie vitumbua, wala usilipeleke kwa jirani kama habari.