SHAMBA LIKIKAUKA MSHAHARA HAUTOSHI



Wako wafanya kazi wasemao kwamba habari za mvua ni za wakulima, nasi wa mjini yatuhusu ya mshahara tu. Sisi twasema wamekosea. Ni nani kati yetu asiyekuwa na mama, mke au ndugu shambani? Tangu mwisho wa mwaka 2020 hata mwisho wa 2022 mvua ilikosa misimu mitano mfululizo katika sehemu kavu za Kenya, na mifugo zaidi ya milioni 2 ikafa. Wakati ule habari za nyumbani zilikuwa za namna moja: tuma pesa ya unga. Na unga wenyewe ulikuwa umepanda bei. Kisha mwaka 2024 yakaja mafuriko, yakachukua watu na udongo pia.

Makosa si ya mkulima. Moshi ulioharibu hali ya hewa umetoka zaidi katika viwanda na magari ya nchi tajiri, na ni haki walipe. Lakini mahindi hayangoji pesa zao.

Njia zinajulikana. Huko Machakos, wakati wa ukoloni, watu walilazimishwa kuchimba matuta, wakayachukia. Amri ilipokwisha, wakulima wenyewe, kwa vikundi vyao vya mwethya, wakachimba "fanya juu": mfereji hukata mteremko, udongo hutupwa upande wa juu ukawa ukingo, na maji hukaa shambani badala ya kukimbilia mtoni. Wakapanda na mahindi ya Katumani, yanayokomaa upesi kabla mvua haijakatika. Mkulima hahitaji kuamriwa, ahitaji kusaidiwa.

Kwa hiyo twataka mambo matatu. Kwanza, Serikali iajiri Mabwana Shamba wa kutosha, wamfikie hata mama mwenye ekari moja. Pili, habari za mvua zitolewe mapema, kwa lugha za watu, kabla ya mbegu kutiwa ardhini. Tatu, na hili ni letu wenyewe, vyama vyetu vya akiba na mikopo vikopeshe kwa riba ndogo pesa za matuta, mbegu na tangi la maji. Leo mwanachama hukopa kununua unga. Unga huliwa, deni hubaki.

Ndugu, lileteni jambo hili katika mkutano wa tawi. Shilingi iliyotumwa nyumbani kabla ya mvua yafaa kuliko kumi za wakati wa njaa.