Siku Kwanza au Mwezi Kwanza?



Mama mmoja aliyeikimbia Palma katika mashambulizi ya Machi 2021 alifika mezani kwangu akimshika mwanawe mkono. Vyeti vyote vilikuwa vimepotea. Mtoto alizaliwa Siku ya Mwanamke wa Msumbiji, naye alijaziwa katika fomu ya kompyuta 07/04/2016. Karatasi iliyotoka ilisema 4 Julai. Hakuna aliyesema uongo, lakini mtoto alikwisha kupunguziwa umri karibu miezi mitatu.

Sababu yake ni hii. Sisi hapa Msumbiji hutanguliza siku, ukafuata mwezi, kisha mwaka. Wamarekani hutanguliza mwezi. Fomu nyingi za kompyuta na simu huendeshwa kwa JavaScript, lugha iliyotungwa Marekani na Brendan Eich mwaka 1995. Lugha hiyo ikipewa tarehe yenye mikwaju, kwa kawaida huisoma Kimarekani, wala haiulizi.

Ipe 25/09/1964, siku vita vya ukombozi vilipoanza pale Chai. Itaikataa, maana mwezi wa 25 haupo. Kosa hilo ni jepesi kwa kuwa huonekana. Lakini ipe 03/02/1969, siku aliyouawa Eduardo Mondlane mjini Dar es Salaam. Itaipokea na kuifanya 2 Machi. Kosa linalopokewa ndilo la kuogopwa, nalo hunyemelea siku 12 za mwanzo za kila mwezi, isipokuwa namba ya siku inapolingana na ya mwezi.

Vijana wetu wanaotunga programu wasiiachie mashine kubahatisha. Fomu iwe na visanduku vitatu: siku, mwezi kwa jina lake, na mwaka. Wakumbuke kwamba JavaScript huhesabu Januari kuwa mwezi 0. Tena, ikipewa kwa namba tarehe 30 Februari 2021, huisukuma kimyakimya hadi 2 Machi. Kwa hiyo tarehe iliyopatikana ilinganishwe na iliyoandikwa, na zikitofautiana irudishwe kwa mwenyewe. Katika kuhifadhi, watangulize mwaka, kisha mwezi, kisha siku: 2016-04-07. Huo ndio utaratibu wa kimataifa uliowekwa mwaka 1988.

Nasi majumbani tuna wajibu wetu. Wazee wa pwani hutaja Ramadhani na Mfunguo Mosi. Karani akisikia “mosi” asikimbilie Januari, bali aulize. Askari anayehamishwa kituo na jamaa zake aandike daftarini tarehe ya kuzaliwa ya kila mtoto, mwezi kwa maneno: 7 Aprili 2016. Na kabla ya kuondoka dirishani, asome karatasi aliyopewa kwa sauti.

Yule mama alirudi na karatasi iliyosahihishwa. Alikuwa ameikunja mara nne, akaifunga katika pindo la kanga.