Mafungo Yaanzie Gatini

Vikundi vya parokia za kando ya Ziwa Viktoria huvuka maji kwenda kambini kwa mafungo ya mwisho wa juma. Viongozi huhesabu mikeka, sufuria na magunia ya mchele. Majaketi ya kujiokolea husahaulika. Tarehe 20 Septemba 2018 kivuko cha MV Nyerere, chenye uwezo wa kubeba watu 101, kilipinduka karibu na Ukara. Zaidi ya 200 walikufa. Mwenyekiti anayewabananisha vijana chomboni ili apunguze nauli (ambayo pengine wazazi waliikopa) hatendi haki, hata akifundisha vizuri mada ya uhai Jumamosi jioni. Majaketi yasipotosha, kikundi kibaki gatini, ijapokuwa padre anangoja ng'ambo.