Mkatale Ulikuwa wa Tabaka la Chini Tu

Wapo wanaotusifia haki ya kijijini hadi mate yanawatoka. Mkuu wa kijiji anawajua watu wake, wanasema. Hakuna wakili wa kulipwa, hakuna safari ya mahakamani, na ugomvi wa kisimani unamalizwa jua halijatua. Basi wakisome kifungu cha 10 cha Kanuni ya XI ya mwaka 1816, ya Jimbo la Madras, kusini mwa India iliyokuwa chini ya Waingereza.

Kifungu hicho kilimpa mkuu wa kijiji mamlaka ya kuadhibu makosa madogomadogo: matusi, makofi, vurugu ndogo. Mkosaji angeweza kufungiwa katika ukumbi wa kijiji kwa muda usiozidi saa 12. Lakini akiwa wa tabaka la chini, miongoni mwa wale ambao serikali iliona si vibaya kuwafedhehesha, angeweza kutiwa mkatale hadi saa sita. Kosa ni lile lile, tusi ni lile lile, neno kwa neno. Mmoja anangoja chini ya paa. Mwenzake amekalishwa mahali pa wazi, miguu imebanwa kwenye matundu ya gogo, na kila apitaye anamtazama.

Na msiniambie hiyo ilikuwa mila ya wenyewe. Desturi ya kijiji haina namba ya kifungu! Serikali ya Kampuni ya Kiingereza ya East India ndiyo iliyoiandika, ikaipa nguvu ya sheria, kisha ikajifanya inaheshimu utamaduni. Thomas Munro, aliyeongoza tume iliyozaa kanuni zile za 1816 na kuwa gavana wa Madras mwaka 1820, alitaka Wahindi wapewe sehemu kubwa zaidi katika kuwahukumu Wahindi wenzao. Maneno matamu, na tena yaliipunguzia serikali gharama. Wahindi gani, lakini? Mkuu wa kijiji kwa kawaida alitoka katika ukoo wenye ardhi na cheo alikirithi. Yeye ndiye aliyekusanya kodi ya ardhi. Yeye ndiye polisi. Kwa Kanuni ya IV ya mwaka huohuo, yeye ndiye hakimu wa madai ya hadi rupia 10. Kibarua wa Kiparaiyar, mmoja wa hao wa tabaka la chini, anayelima shamba la ndugu yake mkuu akidhulumiwa ujira na kufoka, nani atasema nani kamtukana nani? Rufaa itamsaidia nini mtu ambaye saa zake sita zimekwisha na kijiji kizima kimeshamwona?

Hatari ya kumrundikia mtu mmoja kodi na upolisi haikuwa siri. Mwaka 1855 tume ya serikali yenyewe iliripoti jinsi watoza kodi na polisi wa Madras walivyowatesa wakulima, hata kuwabana vidole kwa vipande vya mbao. Ikaja Kanuni ya Adhabu ya India ya 1860, ile ile iliyovushwa bahari na kutumika Kenya na Tanganyika hadi 1930, ambayo haikupanga adhabu kwa tabaka. Kifungu cha mkatale hakikufutwa nayo. Kiliachwa kando yake, kikingoja miguu ya wanyonge.

Ndiyo maana simshangai B. R. Ambedkar, mwanasheria aliyezaliwa miongoni mwa watu walioitwa wasioguswa. Tarehe 4 Novemba 1948, mbele ya Bunge la Katiba la India, alikataa katakata kijiji kifanywe msingi wa taifa jipya. Wapenzi wa kijiji walimkasirikia. Wangapi kati yao sheria ile ingewatia mkatale?

Anayetaka mahakama karibu na wananchi ana hoja, tena nzito. Lakini ukaribu si ruhusa ya kumpa mwenye shamba rungu la hakimu. India ilipotunga sheria ya mahakama za vijiji mwaka 2008, kiti cha hakimu hakikurudishwa kwa mkuu wa kijiji: kilipewa mtu mwenye sifa za uhakimu, anayeteuliwa na serikali ya jimbo baada ya kushauriana na Mahakama Kuu.