Chupa Isiyorudi Kiwandani

Chupa ya soda ina desturi yake, nayo ni kurudi. Tangu tulipokuwa watoto twajua kwamba ukinunua soda hununui chupa. Chupa umeazimwa tu. Mwenye duka akikuamini utaondoka nayo. Asipokuamini utakunywa hapo hapo mlangoni, umesimama, naye amekukazia macho mpaka tone la mwisho. Na yeye mbele ya mwenye lori hali yake ni hiyo hiyo: asiye na kreti tupu hapewi iliyojaa.

Basi nilipoiona chupa ya Lodwar, swali la kwanza halikuwa imetengenezwa na nani. Nilijiuliza: mbona hii haikurudi kwao?

Nilikuwa safarini kwenda Kakuma kumtazama mpwa wangu anayesomesha huko. Lodwar tulilala usiku mmoja. Baada ya sala ya alasiri nikapelekwa kumwamkia bibi mmoja ambaye marehemu baba yake alitoka kwetu pwani, akafika Turkana kwa kazi ya malori, akaoa, na akazikwa huko huko. Kiswahili cha bibi yule kimehifadhi maneno ambayo sisi wa Mombasa tumekwisha kuyatupa. Nikamwambia, "Shikamoo, bibi," akaitika, "Marahaba, mwanangu," akaninyoshea mkeka kivulini. Kando yake palikuwa na chupa ya kioo cha kijani, imezibwa kwa kitambaa, ndani mna maji ya rangi ya zafarani. Lilikuwa kombe, la mjukuu mwenye homa.

Nikamwuliza habari ya chupa. Akasema, "Hii ni ya baba. Ilikuja na soda, soda ikanywewa. Zingine zilirudi Kitale kwa lori, hii na wenzake zikakataliwa. Waliambiwa kiwanda kimekufa, hakuna wa kuzidai. Baba akasema iweke, mwanangu, chupa haiozi."

Wasomaji wetu watazame hekima iliyomo katika maneno yale. Chupa ambayo mwenyewe yu hai hurudi kwao, huoshwa, hujazwa, mpaka siku moja ivunjike. Inayobaki ugenini miaka na miaka ni ile iliyofiwa. Ndiyo maana mtu anayetafuta habari za soda zilizosahauliwa asiende penye viwanda. Aende mwisho wa barabara.

Na Lodwar ilikuwa mwisho wa barabara kweli kweli. Kwa sheria iliyotungwa mwaka 1902 serikali ya kikoloni ilijipa uwezo wa kuzifunga wilaya za mbali, na Turkana ilikuwa miongoni mwao. Mgeni hakuingia bila kibali. Kwa sababu hiyo hiyo ya umbali ndipo alipowekwa marehemu Mzee Kenyatta, kwanza Lokitaung, kisha Lodwar kuanzia 1959 hadi 1961. Kutoka Kitale ni mwendo wa kilomita karibu 300, na mwenye kiwanda kidogo aliyepeleka kreti huko alijua kwamba chupa zake zingekaa miezi kabla hajaziona tena. Sukari na maji na gesi si ghali kama chupa. Kwa kila soda moja inayonywewa yataka chupa kadhaa: moja iko dukani, moja iko njiani, moja yaoshwa. Kuuza Turkana kulikuwa ni kuifukia mali mchangani na kuomba Mungu iote.

Niliigeuzageuza chupa ile kwa idhini ya mwenyewe, baada ya kombe kuhamishiwa gilasi. Chupa husomeka, kama una subira. Mdomo wake ni wa kizibo cha bati, na kizibo hicho kilibuniwa na William Painter wa Baltimore mwaka 1892; basi si ya kabla ya hapo. Mshono wa kioo wapanda ubavuni mpaka unapita juu ya mdomo, alama ya chupa iliyotengenezwa na mashine wala haikupulizwa kwa kinywa cha fundi, na mashine hizo zilianza na Michael Owens mwaka 1903. Ubavuni palikuwa na rangi iliyochomwa juu ya kioo, mtindo ulioenea Marekani katikati ya miaka ya 1930. Rangi yenyewe imeliwa na mchanga na upepo wa Lodwar. Jina limefutika, limebaki jani moja jekundu. Chini kabisa, karibu na kitako, kuna herufi za kioo zilizoinuka, nazo zasomeka kwa kidole hata gizani: MOMBASA.

Nilisafiri zaidi ya kilomita elfu moja kwenda kuonyeshwa kitu cha mtaani kwetu.

Kabla ya chupa za aina hiyo palikuwa na zile za gololi, alizozibuni Mwingereza Hiram Codd katika miaka ya 1870. Hazikuwa na kizibo. Chupa ilijazwa ikiwa kichwa chini, gesi ikaisukuma gololi mpaka ikabana kwenye pete ya mpira shingoni. Mnywaji aliisukuma ndani kwa kidole au kijiti, soda ikapiga kelele, kazi ikaisha. Huko India zingali zapatikana mpaka leo, wenyewe huziita goli soda. Kilichoziua nzima nzima ni watoto, ambao waliona chupa ni ganda tu na gololi ndiyo kokwa. Sisemi mengi juu ya jambo hilo, kwani aliyekula haapi.

Niliporudi Mombasa nikaanza kuuliza. Wapo watakaosema soda ni upuuzi, kuna mambo makubwa ya kuandikwa. Nami nasema hivi: karamu gani ya ndoa ya kwetu, kwa miaka mingi sasa, iliyofanywa bila soda? Sisi ambao pombe tumeharamishiwa, soda na sharubati ndiyo heshima tunayomwekea mgeni. Ndugu zetu walioko Oman na Ghuba hufuturu kwa Vimto, wakaifanya kama sehemu ya Ramadhani, na kumbe ilibuniwa Manchester na John Noel Nichols mwaka 1908, ikauzwa kama dawa ya kuleta nguvu. Waingereza hawakuona haya juu ya kinywaji hicho. Pale pale kilipobuniwa, barabara ya Granby Row, walisimamisha mwaka 1992 sanamu ya chupa ya Vimto, iliyochongwa kwa mti, kubwa kumpita mtu.

Sisi chupa zetu tumezisimamisha wapi? Tumezipanga juu ya kuta, zimevunjwa, ili mwizi akatwe mikono.

Kwa mtu anayetaka kutafuta, njia zipo. Gazeti rasmi la serikali limekuwa likichapishwa tangu 1899, na humo mna matangazo ya kampuni zilizosajiliwa na zilizofutwa. Nyaraka za Taifa ziko Nairobi katika jumba lililokuwa benki. Lakini nyaraka hizo zimehifadhi aghalabu yale yaliyoihusu serikali, na serikali haikumjua mwenye soda ila alipotakiwa leseni au alipofilisika. Rangi ya jani, ladha ya zabibu au ndimu, wimbo waliouimba wachuuzi, sababu ya yule mzee kugombana na nduguye mpaka mashine ikafungwa: hayo hayamo katika jalada lolote. Yamo katika daftari za duka zilizoandikwa Kigujarati, na katika vichwa vya wazee ambao kila Ijumaa twasomewa majina yao msikitini, tukaambiwa maziko ni baada ya sala. Hapo ndipo ninapolalamika. Vijana wetu wenye shahada huandika juu ya masultani na Wareno, nasi twawashukuru. Mashine ya soda iliyosimama nyuma ya nyumba ya babu zao hawajaiuliza hata jina.

Kakuma niliona upande wa pili wa jambo hili. Ni kilomita kama 120 mbele ya Lodwar. Kambi ilianzishwa mwaka 1992 kwa ajili ya vijana waliokimbia vita vya Sudan, na leo ina watu wa mataifa mengi, zaidi ya laki mbili. Uchunguzi uliotolewa mwaka 2018 ulihesabu biashara zaidi ya 2,000 mahali pale. Soda imejaa, baridi, ya kila rangi, na karibu yote niliyoiona ilikuwa katika plastiki. Haiazimwi wala hairudi. Katika duka moja la Msomali nilihesabu aina tano za kinywaji ambazo sijapata kuziona Mombasa, kila moja ina kipande cha karatasi chembamba kilichozungushwa tumboni. Nje ya duka chupa zizo hizo zilikuwa zimeshajazwa maziwa, mafuta ya kupikia na petroli, na zote zilikuwa zimevuliwa karatasi. Hazikuwa na jina. Mpwa wangu akacheka kuniona nimeinama kuokota zile karatasi, akasema, "Mjomba, watu watadhani umekuja kutafuta kazi ya kufagia." Niliokota saba. Nimezibandika katika daftari na tarehe.

Chupa ya Lodwar sikuichukua. Bibi aliniambia niichukue, nikakataa. Mjukuu alikuwa bado ana homa, na kombe lataka chombo. Niliweka karatasi juu ya zile herufi nikapitisha penseli, neno likatokea jeupe katikati ya weusi, na karatasi hiyo iko mezani kwangu sasa. Aliye na chupa yenye jani jekundu na neno hilo karibu na kitako, asiisugue kwa mchanga ati aisafishe. Na aliye na mzee aliyewahi kuosha chupa, kupiga vizibo au kuendesha lori la kiwanda hicho, amkalishe wiki hii, amwekee chai, amwulize jina lilikuwa nani, nami nitakuja na kalamu.