Kitundu au skrini? Msimulizi anahitaji uso

Darasa letu linachanga pesa za kununua kamera moja ya kurekodia masimulizi, na kabla mchango haujafika nusu tumeshagawanyika. Upande mmoja unataka kamera yenye kitundu cha kuchungulia, kile ambacho mpiga picha hubandika jicho lake juu yake ili aone kilicho mbele ya lenzi. Upande wa pili unasema skrini ya nyuma inatosha, na pesa zitakazobaki zinunue maikrofoni nzuri. Mimi ni wa upande wa pili, na si kwa sababu ya bei tu. Wenzangu wa kitundu wanaijadili kamera kama wapiga picha. Sisi tunakwenda kurekodi watu wanaozungumza, na kazi hizo mbili hazifanani.

Nilijifunza hilo Mudzipela mwaka jana, kwa hasara. Nilikwenda kumrekodi koko mmoja, jirani wa shangazi yangu, mzaliwa wa Djugu. Lugha yake ni Baledha, ambayo vitabu vingi huiita Kilendu. Sitasema yeye ni wa kabila gani, na msomaji wa Bunia anajua kwa nini. Wala lugha yenyewe haimtaji, maana inazungumzwa na Walendu na pia na Wahema wa kaskazini. Vita viliwagawa watu, lugha ikabaki moja pande zote mbili. Hiyo ni sababu mojawapo iliyonifanya niitake.

Koko aliketi kwenye kiti kifupi mbele ya mlango, akichambua maharage. Nilikuwa nimeazima kamera ya rafiki anayepiga picha za arusi, moja ya zile za kisasa zisizo na kioo ndani, yenye skrini nyuma na kitundu cha kielektroniki juu. Alianza hadithi ya binti aliyewakataa wachumba wote. Nilishika kamera kifuani, nikitazama skrini kidogo na yeye kidogo, nikiitikia. Hadithi ikaenda vizuri. Kisha jua likasogea, skrini ikawa nyeupe, nisione kitu. Nikainua kamera, nikafumba jicho la kushoto na la kulia nikalibandika kwenye kitundu.

Sentensi mbili tatu baadaye alisita. Akarudia mwanzo wa sentensi. Akasita tena. Halafu akamgeukia shangazi yangu, aliyekuwa akimenya mihogo pembeni na ambaye Baledha haijui, na hadithi ikaendelea kwa Kiswahili. Alipomaliza aliniuliza: "Sasa mtoto, nilikuwa naongea na nani? Wewe uliingia ndani ya kile kitu."

Pale pale nilicheka. Nyumbani, nilipofungua faili, kicheko kilikwisha. Nilikuwa na dakika nne za Baledha na kumi na moja za Kiswahili. Kesho yake nilimwomba asimulie upya. Alikubali kwa upole, lakini alifupisha, na wimbo ambao binti huimba katikati ya hadithi aliuruka. Alisema ule ameshauimba. Kweli aliuimba jana, kwa Kiswahili, akimwimbia shangazi.

Picha za siku ile ni nzuri sana. Zimenyooka na ni kali, na rangi zake ni safi. Kama kipimo ni picha, kitundu kilishinda. Kama kipimo ni lugha, kitundu kiliifukuza.

Tuliosoma isimujamii hatupaswi kushangaa. Mwaka 1972 William Labov aliieleza shida yetu ya kila siku: tunataka kujua watu wanavyosema wasipochunguzwa, na njia pekee ya kujua ni kuwachunguza. Mwaka 1984 Allan Bell alionyesha kwamba msemaji huchagua namna ya kusema akimtazamia msikilizaji wake. Na Charles Goodwin, katika kitabu chake cha 1981 kuhusu mazungumzo ya Wamarekani, alichunguza video akaona kwamba msemaji akikuta msikilizaji hamwangalii, mara nyingi hukatiza sentensi na kuianza upya mpaka ampate. Koko wa Mudzipela alifanya hivyohivyo. Aliianza sentensi upya mara mbili ili anipate. Aliponikosa alimtafuta msikilizaji mwingine, na pamoja na msikilizaji akabadilisha lugha.

Kiswahili chenyewe kinatuonya. Tuna kutazama, kuangalia na kuchungulia, na kila mtoto anajua tofauti. Anayetazama anaweza kutazamwa. Anayechungulia ameficha mwili na kubakiza jicho. Si ajabu kwamba kitundu kile tunakiita cha kuchungulia.

Kuna jambo jingine ambalo katika mji wetu haliwezi kurukwa. Mtu anayefumba jicho moja na kuelekeza jingine kwenye chombo alichokiinua usoni anafanana na mtu anayelenga. Walio na umri wa kuukumbuka mwaka 2003 hawahitaji maelezo. Waliokimbilia Bunia kutoka vijijini miaka ya baadaye hawahitaji vilevile. Simu haina sura hiyo. Anayepiga picha kwa simu anaonekana uso wake wote juu ya kile chombo, na watu wa mitaa yetu wameshaizoea. Kamera ya skrini inafuata desturi waliyonayo tayari.

Sasa nizijibu hoja za wenzangu, maana si za kipuuzi.

Wanasema jua. Ni kweli, tuko karibu na ikweta, na saa sita mchana skrini haisomeki. Lakini ni nani aliyetuambia tumrekodi mzee juani saa sita? Tukae barazani au chini ya mparachichi, twende asubuhi au jioni. Karatasi nene iliyokunjwa pande tatu kuzunguka skrini huleta kivuli cha kutosha. Kosa langu halikuwa skrini. Nilipaswa kumwomba koko tuhamie kivulini, nikaona uvivu.

Wanasema mkono hutulia zaidi kamera ikiegemea uso. Kweli tena, kwa mtu anayetembea na kupiga picha mojamoja. Simulizi la dakika ishirini halishikwi mkononi. Linawekwa juu ya miguu mitatu, na miguu hiyo haina haja ya paji la uso wangu.

Wanasema betri, na Bunia hoja hii ina uzito, kwa sababu sote tunajua foleni ya kuchaji. Wananionyesha Canon EOS 250D: kwa kipimo cha watengenezaji, betri moja hutoa takriban picha 1070 ukitumia kitundu, na takriban 320 ukitumia skrini. Namba hizo nazikubali, lakini zinahusu picha za mnato. Kamera ya aina hiyo ina kioo ndani kinachoinamisha mwanga na kuupeleka kwenye kitundu. Ukianza kurekodi video, kioo kinanyanyuka ili mwanga uifikie sensa, na kitundu kinakuwa giza tupu. Unabaki na skrini, utake usitake. Katika kamera zisizo na kioo, kitundu nacho ni skrini ndogo inayokula umeme, na mara nyingi hula kuliko ile kubwa. Kwa hiyo kwa kazi yetu ya video, akiba ya betri wanayoitaja haipo. Tununue betri ya pili.

Hoja ya nne ndiyo iliyonifikirisha. Mwenzangu mmoja alisema: kwetu mtoto hamkodolei macho mzee, basi kitundu kinatuokoa na utovu wa adabu. Nadhani amechanganya mambo mawili. Kuinamisha macho mbele ya mkubwa ni namna ya kuwapo. Unainama, unaitikia, unatikisa kichwa, unainua macho pale anapokuuliza, na mzee anayaona yote hayo. Kitundu kinaficha yote kwa pamoja, heshima na usikivu.

Na tusisahau kwamba sisi tunahitaji kuiona midomo. Baledha, kama jirani yake Kingiti ambayo Constance Kutsch Lojenga aliandikia sarufi mwaka 1994, ina sauti kp na gb, ambapo midomo na sehemu ya nyuma ya ulimi hufunga kwa wakati mmoja. Sikio lililozoea Kiswahili cha mjini husikia p au k, likaandika vibaya. Jaribu kumsikiliza mgeni akitamka Kpandroma. Video ya mbele, yenye midomo mikali, humaliza ubishi mwingi. Je, si kazi ya kitundu kuhakikisha ukali huo? Inaweza kuwa, lakini skrini huikuza sehemu ya midomo mpaka uone kama imekaa sawa, na hilo hufanywa mara moja kabla ya kuanza. Baada ya hapo msimulizi ameketi, kamera imesimama, na umbali haubadiliki.

Hapo ndipo ulipo ubora wa skrini kwa mtu wa lugha: unaweza kuiacha. Kitundu kinadai jicho lako muda wote. Ukiliondoa, hakina faida. Skrini unaitazama mara moja, unahakikisha kichwa na mikono ya msimulizi vimo, kisha unaketi karibu na lenzi na kumpa msimulizi uso wako. Kila baada ya muda unatupa jicho kuona kama taa nyekundu bado inawaka. Skrini inayogeuka pembeni ni bora zaidi. Kabla ya kuanza unaigeuza kwake, anajiona, anajua ni nini kinachochukuliwa na ni nini kilichoachwa nje. Ridhaa ya namna hiyo ni ya kweli kuliko sahihi kwenye karatasi asiyoisoma.

Kwa hiyo pendekezo langu kwa mkutano wa mchango ni hili. Tununue kamera isiyo na kitundu, yenye skrini inayogeuka na tundu la maikrofoni ya nje. Zipo, Sony ZV-E10 ya 2021 ni mfano mmoja, na za mkono wa pili zinapatikana. Tofauti ya bei iende kwenye maikrofoni, betri ya pili na miguu mitatu. Siku tutakapotaka kupiga picha za mitego, vyungu au mimea mchana kweupe, tutaazima kamera yenye kitundu kwa wapiga picha wa arusi. Chungu hakijali kama uso wetu unaonekana.

Nilirudi Mudzipela mara ya tatu. Kamera niliiweka juu ya miguu mitatu barazani, skrini imegeuzwa, nikaketi kwenye kigoda karibu yake mikono mitupu. Nilimwomba koko hadithi ya yule binti. Alikataa: ile imekwisha, alisema, nimeshakupa. Akanipa nyingine, dakika kumi na saba, Baledha tangu mwanzo hadi mwisho, akiniuliza maswali katikati ili aone kama namfuata. Naishukuru. Lakini wimbo wa binti aliyewakataa wachumba ninao kwa Kiswahili tu, na nikiusikiliza najua kwamba ulipokuwa ukiimbwa, jicho langu moja lilikuwa limefumbwa.