Zumari la Kiriba

Katika mji wa Mpemba, karibu na Tunduma, malori ya Zambia hupita usiku na mchana, na pamoja na shehena hupita pia muziki wa mataifa mengi. Hakuna mwalimu wa huko awezaye kuwaziba wanafunzi masikio. Lakini chombo cha kigeni kikiingia darasani, hakosekani mtu wa kuuliza: je, hicho ni chetu? Swali ni la haki. Jibu ndilo hutolewa kwa haraka mno.

Litazamwe zumari la kiriba. Likitajwa, wengi huwaza Uskoti tu. Wachache hujua kwamba watu wa Ghuba nao wanalo, nao huliita habani au jirba. Na jirba si neno jingine ila kiriba, ule mfuko wa ngozi wa kuchukulia maji, likitamkwa kwa lafudhi ya huko. Ngozi ya mbuzi huvuliwa nzima. Mpigaji huijaza pumzi, huibana kwapani, na hewa hutokea katika mianzi miwili iliyofungwa pamoja. Ndiyo maana sauti haikatiki hata yeye anapovuta pumzi. Wala watu wa Ghuba hawakulizua. Lilivuka bahari kutoka pwani ya Uajemi pamoja na mabaharia na wahamiaji, na leo lasikika katika arusi za Kuwait na Bahrain bila ya mtu kulidai hati ya kusafiria.

Mfano mbaya ulionekana Uganda miaka ya 1970. Nduli Iddi Amin, aliyelelewa katika jeshi la Keya, aliwavika askari sketi za Kiskoti na kuwapigisha mazumari ya huko, huku akijiita Mfalme wa Uskoti. Kosa halikuwa la zumari. Lilipigwa kwa fahari ya mtu mmoja, basi.

Kando ya Ziwa Nyasa mambo yalikwenda vingine. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza vijana waliyakumbuka matarumbeta ya Keya, lakini shaba hawakuwa nayo. Wakachukua vibuyu, wakavitia utando, wakapata malipenga; gwaride la mkoloni likageuka mganda. Leo nani atathubutu kusema mganda si ngoma ya Wanyasa?

Mwalimu Nyerere, alipotangaza Wizara ya Utamaduni wa Taifa na Vijana mwaka 1962, aliwakaripia pia wale wasiotaka kujifunza kwa wengine. Nusu hiyo ya hotuba husahauliwa.

Mbozi na Momba hakukosekani mbuzi wala matete. Mwalimu atakaye kulijaribu zumari la kiriba hahitaji fedha za kigeni. Ahitaji kipindi katika ratiba, na hicho ndicho kinachonyang'anywa kwanza mitihani ikikaribia. Maofisa wanaouliza kama chombo ni chetu wangeanza kwa kuuliza kipindi cha muziki kimekwenda wapi.